Fahamu: Nani anafanya nini ndani ya meli ya utafiti wa bahari

Meli ya utafiti ikitia nanga bandarini, wengi hudhani ndani kumejaa wanasayansi watupu. Ukweli ni kwamba utafiti wa bahari ni kazi ya watu wa fani nyingi, na mmoja akiteleza, safari nzima inaweza kurudi mikono mitupu.

Chukua mfano wa Dr Fridtjof Nansen, meli ya Norway inayopeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa. Meli ya kwanza ya jina hilo ilianza kazi mwaka 1975. Ya sasa ni ya tatu, imeanza mwaka 2017, ina urefu wa mita 74.5 na nafasi ya watu 45. Mwaka 2018 ilifanya utafiti katika maji ya Tanzania.

Katika meli za aina hii watu hugawanyika makundi mawili: wafanyakazi wa meli na watafiti. Hawa ndio wahusika wakuu.

Nahodha
Usalama wa chombo na roho za wote waliomo viko mikononi mwake. Bahari ikichafuka, anaweza kusimamisha kazi hata kama watafiti bado wanataka kuendelea, na hakuna profesa wa kumpinga. Chini yake wapo maofisa wanaopokezana zamu za kuongoza meli usiku na mchana.

Mtafiti mkuu
Huyu ndiye anayeamua nini kipimwe, wapi na kwa utaratibu gani. Siku za meli zina hesabu na ni za gharama kubwa. Upepo ukila siku mbili, lazima achague vituo vipi viachwe. Si uamuzi mwepesi, maana eneo lisilopimwa linabaki tupu kwenye ramani, pengine kwa miaka. Kwa hiyo yeye na nahodha hukaa pamoja kila siku kupanga ratiba: mmoja anasema kinachotakiwa, mwingine anasema kinachowezekana.

Serahangi na mabaharia wa sitahani
Serahangi ni mkuu wa mabaharia wa sitahani. Watu wake ndio wanaoshusha na kupandisha nyavu, na pia fremu yenye chupa za kuchotea maji na vifaa vya kupima joto, chumvi na kina. Vyote hushuka kwa waya wa winchi. Waya huo ukikatika, vifaa vinabaki chini ya bahari, na ukimpiga mtu unaweza kumuua. Ndiyo maana akisema "rudini nyuma", hata mtafiti mkuu anarudi.

Mafundi wa vifaa
Hawa hutunza kompyuta, vipimo na mashine zinazotuma sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi wake ili kujua kina na makundi ya samaki yalipo. Kipimo kikianza kudanganya kidogo kidogo bila fundi kugundua, takwimu za siku nzima zinaharibika.

Watafiti wa zamu
Bahari haina saa za ofisi. Wavu unaweza kupanda saa nane usiku, na samaki lazima wapangwe kwa aina, wapimwe uzito na urefu papo hapo. Baadhi hutolewa vijiwe vya sikioni, ambavyo vina pete kama za shina la mti. Kwa pete hizo umri wa samaki hujulikana.

Pembeni yupo anayeandika: namba ya kituo, tarehe, saa, kina na mahali meli ilipo. Inaonekana kazi ndogo, lakini chupa isiyo na lebo ni maji ya chumvi tu.

Mainjinia na wapishi
Mainjinia huhakikisha mitambo na umeme havikatiki. Wapishi nao hulisha watu wanaoamka saa tofauti. Jikoni kukilegea, zamu zote zinalegea.

Mtafiti wa nchi mwenyeji
Huyu mara nyingi husahaulika, ingawa nafasi yake imo kwenye sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unataka meli ya kigeni ipate idhini kabla ya kufanya utafiti ndani ya ukanda wa kiuchumi wa nchi nyingine, unaofika maili 200 za baharini. Kifungu cha 248 kinataka taarifa itolewe angalau miezi sita kabla. Kifungu cha 249 kinaipa nchi hiyo haki ya kushiriki, ikiwemo kuwa na watu wake melini inapowezekana, na haki ya kupata takwimu na sampuli.

Kwa hiyo mtaalamu wa TAFIRI ya Tanzania au KMFRI ya Kenya akipanda meli hiyo hajapewa lifti. Yuko pale kwa haki ya nchi yake, na anatakiwa kujua kila namba imepatikanaje.

Takwimu hizo ndizo husaidia kuamua samaki wavuliwe kiasi gani na wapi. Nchi ikipeleka mtu kwa ajili ya posho tu, ripoti itakuja, lakini nyumbani hatakuwepo wa kuihoji.