Mhunzi na Kisu Chake katika Nchi ya Babati

Viko vitu vidogo ambavyo historia yake ni kubwa. Kimojawapo ni kisu. Katika Singe, mjini Babati, kama penginepo pote nchini, kisu hukata nyama na mboga kila siku, wala mlaji haulizi ni nani aliyekifua.

Wahunzi mashuhuri wa upande huu wa Manyara ni watu wa ukoo wa Gidang'odiga, miongoni mwa Wadatoga, wafugaji wakaao tangu Mlima Hanang hadi Ziwa Eyasi. Vyombo vyao ni vichache: mivukuto ya ngozi ya mbuzi, makaa, koleo, nyundo na fuawe. Chuma hupashwa moto mpaka kikawa chekundu, kikafuliwa kuwa bapa. Kikipoa hurudishwa motoni. Kisha hunolewa kwa jiwe na kutiwa mpini. Kwa ajili ya mapambo, mhunzi huyeyusha shaba, huimimina katika kalibu, na kuichora mistari kwa patasi ndogo. Mikono hiyo hiyo hufua bangili, pamoja na vigumba vya mishale ambavyo Wahadzabe wamevipata kwa kubadilishana na asali na nyama.

Zamani chuma kilitoka ardhini. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walieleza kwamba mababu wa Buhaya walikuwa wakipata chuma cha pua katika tanuri zao yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wafipa nao walijenga tanuri zilizopita kimo cha mtu. Bidhaa rahisi za chuma kutoka ng'ambo zilizizima tanuri hizo katika karne ya 20. Hata hivyo uhunzi haukufa. Mhunzi aligeukia vyuma chakavu: misumari, springi za magari, na kufuli mbovu za shaba. Springi hutoa makali mazuri, kwa kuwa chuma chake hukazika kikitoswa majini kingali cha moto.

Lakini heshima haikulingana na kazi. Katika Karagwe chuma kilikuwa fahari ya ufalme, na sanamu za ng'ombe za chuma zilihifadhiwa pamoja na vyombo vya mtawala. Kwa Wadatoga, kinyume chake, mhunzi alihitajiwa na akatengwa: watu wa ukoo wake walioana wao kwa wao, maana wengine waliogopa kuchanganya damu nao. Chombo kilipokewa, aliyekifua akakataliwa.

Wahenga walisema, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hiyo yamsifu mwenye kisu, haimtaji mhunzi. Ni wajibu wa walimu na wanafunzi kumtaja, kwani taifa linalojivunia kazi za mikono ya watu wake haliwezi kuidharau mikono yenyewe.