SINEMA YA WAKULIMA

Ujiji yetu ilipata kutajwa katika sinema zamani. Mwaka 1939 Wamarekani walitoa picha ya Stanley na Livingstone, waliokutana hapa mwaka 1871. Lakini mchezaji mkuu, Spencer Tracy, alichezea Hollywood, na huku Afrika Mashariki zilipigwa picha za mandhari tu. Basi tulipotakiwa kuandika habari za sinema katika kitabu hiki cha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, tuliona si vema kuhangaika na Ujiji ya kubuni. Tulitafuta sinema iliyomhusu mkulima mwenyewe, na chanzo chake tukakiona Vugiri, katika milima ya Usambara.

Huko, kati ya mwaka 1935 na 1937, Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham walitengeneza picha 35 kwa ajili ya Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Zilichukuliwa kwa lori, zikaonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda, na katika nchi ziitwazo leo Malawi na Zambia. Maelezo yalitoka katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine. Notcutt alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge, na tangu mwaka 1926 alifikiri kwamba sinema ingewafanya vibarua wake watulie kazini. Jambo hilo yafaa likumbukwe.

Picha mojawapo ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Watu wawili wamepokea mshahara. Mmoja akaufukia ardhini, mwivi akamwona, akaja kuufukua. Mwenzake akaweka wake Posta, ukasalimika. Mafundisho hayo hayana kosa, nasi wa ushirika twawaambia wanachama vivyo hivyo. Ila kibarua na mkulima wa siku zile walifundishwa mahali pa kuweka fedha, na huku kiwango cha mshahara na bei ya mazao havikuwa mikononi mwao.

Tena walikuwako Wazungu waliodai kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Hata hivyo waliocheza katika picha za Vugiri walikuwa Waafrika. Na mwaka 1952 Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika kazi za ustawi wa jamii, alicheza katika *Muhogo Mchungu*. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Katika zile picha 35, zinazojulikana kubaki ni 3 tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza: ya mafunzo ya uganga wa mifugo, ya ugonjwa wa safura, na ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro, ya mwaka 1936. Ile ya fedha zilizofukiwa haimo.