Posho ya Chombo: Nyumba za Wageni za Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Katika nchi ya Wamatengo, na katika mwambao wa Ziwa Nyasa uliolala chini ya milima yake, mwenye nyumba aliyempokea msafiri hakupata kamwe kumpokea peke yake. Maana msafiri huja na kilichomchukua, na kilichomchukua, kiwe mabega ya wapagazi, tanuri la merikebu au tangi la lori, hudai chakula chake pale pale bwana wake anapojinyosha kitandani. Wapagazi wa misafara iliyotoka ziwani kwenda Kilwa walikidai chakula hicho kwa jina la posho, na mji usiokuwa na unga wa kuuza haukuwa kituo, hata kama ulikuwa na kivuli na maji matamu. Naona neno hilo latosha kwa habari yote itakayofuata, pamoja na ya chaja za magari ya umeme, ambazo siku hizi zatajwa katika mazungumzo ya wenye hoteli.

Zilipokuja merikebu za moshi, posho iligeuka kuni. Charles Janson, ambayo William Percival Johnson wa misheni ya UMCA aliitafutia fedha Uingereza, ilishushwa majini mwaka 1885. Wadachi wakaleta Hermann von Wissmann katika miaka ya 1890. Na Chauncy Maples, iliyoundwa Glasgow ikaletwa vipande vipande, ikaanza kuelea mwaka 1901. Vyombo hivi havikuchagua mahali pa kutia nanga kwa utulivu wa maji tu, bali aghalabu kwa magogo yaliyokatwa, yakakaushwa na kupangwa ufukoni. Wala kupakia kuni hakukuwa kazi ya kufumba na kufumbua: abiria alishuka, akapika, akanunua samaki, pengine akalala, na hivyo muda wa kukilisha chombo ndio uliokuwa muda wa mwenyeji kupata riziki.

Liuli, ambapo Wadachi walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake wenye umbo la simba mwenye uso wa binadamu, pana kisa chake katika mlango huu. Tarehe 13 Agosti 1914 Hermann von Wissmann ilikuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo, nahodha wake Berndt hana hata habari kwamba vita vimeanza, ndipo Gwendolen ya Waingereza, chini ya Rhoades, ilipotokea na kuipiga mzinga. Na yasimuliwa kwamba Berndt alipanda mashua akaenda kumfokea Rhoades, sahibu yake wa kunywa pamoja, akidhani ni ulevi tu uliompata. Waandishi wa vita huicheka habari hii. Mimi huona ndani yake merikebu isiyo na moto, na merikebu isiyo na moto ni ubao.

Habari ya malori naipita upesi, kwa kuwa yafanana na ya nchi nyingine: Chama cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo kiliundwa mwaka 1936, tumbaku na kahawa zikadai barabara, na barabara ikadai mapipa ya dizeli. Lakini dizeli ilileta jambo la ajabu katika nyumba za wageni, nalo ni jenereta. Nakumbuka gesti moja ambayo mwenyewe aliizima mashine saa nne ya usiku kwa hadhari ya gharama, akatukabidhi fanusi, na asubuhi simu zetu zote zikapangwa mezani pa mapokezi, kila moja na zamu yake, zikingojea posho kama punda wa zamani.

Hata mji wa Mbinga wenyewe uliishi kwa dizeli. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole waliuanzisha mtambo wao wa Tulila, wa megawati 5, katika maji ya mto Ruvuma. Kisha mwaka 2018 ikakamilika laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, masafa ya kilomita zipatazo 250, na gridi ya taifa ikafika katika mkoa uliokuwa umeingoja dahari nzima. Kabla ya hapo, kumwambia mwenye gesti afunge chaja ya gari kungalikuwa kumwambia achome dizeli ili mgeni asichome petroli.

Sasa hesabu imegeuka. Soketi ya kawaida, ikitumiwa kwa kiasi kisichochemsha nyaya, hutoa kilowati mbili na kitu, na kwa saa kumi za usingizi gari hupata uniti kama 23, zitoshazo kufika Songea na baki. Chaja ya haraka ya kilowati 50 ni sawa na pasi arobaini zilizowashwa pamoja. Hiyo yataka njia tatu za umeme, na yamkini transfoma yake yenyewe. Kwa gesti ya vyumba kumi naiona ni fahari isiyo na faida, maadamu mgeni amekuja kulala.

Neno la mahali ni zito zaidi. Ziwa liko kiasi cha mita 475 juu ya bahari, na Mbinga imepita 1,300. Gari la tani mbili linaloupanda mlima huo hula uniti tano hivi zaidi ya masafa yenyewe, na likishuka hurudishiwa sehemu tu kwa breki zake. Kwa hiyo wa kwanza kufunga chaja angefaa awe mwenyeji wa Mbamba Bay, chini ya mpando.

Nilimweleza hayo mama mmoja mwenye nyumba ya wageni huko ufukoni. Alisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai, akauliza, "Sasa mwanangu, hizo uniti nizitie katika bei ya chumba, au nifunge mita ya pembeni?" Nikamwambia afunge mita.