Herufi, Masikio na Kicheko: Tahajia ya Kiingereza katika Miteremko ya Kilimanjaro

Katika taaluma za Kiswahili, tahajia aghalabu huchukuliwa kuwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia kanuni za maandishi, na vitabu vya shule vikazifuata. Tangu hapo mtoto aliyekwisha kuzijua silabi zake anaweza kusoma kwa sauti neno lolote la Kiswahili, hata lile asilolijua maana. Mtoto huyo huyo akifungua kitabu cha Kiingereza, elimu yake ya silabi humgeuka. Neno “knife” hulisoma “kinife”, neno “come” hulisoma “kome”, na darasa zima hucheka.

Kicheko hicho kina historia, na mahali pazuri pa kuifuatilia ni Moshi na vijiji vilivyo juu yake. Sehemu hiyo iliingia katika maandishi ya Kilatini kupitia mikono ya Wajerumani, Wafaransa na Waingereza kwa zamu, tena katika muda wa nusu karne tu. Kila mkono uliandika kwa mazoea ya kwao, na alama zake zingali zinaonekana katika vibao vya barabarani, katika daftari za ubatizo na katika vyeti vya mitihani.

Ni vema kuanza na Kiingereza chenyewe, kwa kuwa wanaochekwa huaminishwa kwamba tahajia yake ina mantiki ambayo wao wameshindwa kuiona. William Caxton alianzisha mtambo wake wa uchapaji huko Westminster mwaka 1476, wakati ambapo irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa katikati ya mabadiliko makubwa ya matamshi. Wachapaji wakayagandisha maandishi. Ndimi zikaendelea na safari yake. Herufi k ya “knife” na gh ya “night” hazikuwekwa kwa mapambo: zamani zilitamkwa, kisha sauti zikafa na herufi zikabaki. Hayo yanaeleweka. Lakini herufi b ya “debt” haikupata kutamkwa na Mwingereza yeyote. Iliingizwa na wasomi waliotaka neno hilo, lililotoka Ufaransa, lionyeshe nasaba yake ya Kilatini. Kisa cha “island” ni kikubwa zaidi. Neno hilo ni la Kiingereza cha kale na halikuwa na s hata kidogo. Wasomi wakadhani kwa makosa kwamba asili yake ni Kilatini, wakalipachika s. Kosa likachapwa, likafundishwa, na leo mwanafunzi anayeiacha s hiyo ndiye anayekatwa alama. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 iliimarisha mengi ya mambo haya, haikuyatunga.

Kilimanjaro nako kosa la aliyeshika kalamu liliweza kuwa sheria. Johannes Rebmann, aliyeuona mlima tarehe 11 Mei 1848, alikuwa Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Uingereza. Habari zake zilipochapishwa kwa Kiingereza, nchi aliyoizuru iliitwa Jagga. Wajerumani waliofuata waliandika Dschagga, konsonanti nne kwa sauti moja, na neno hilo likawa jina la lugha na la watu katika vitabu vyao vya sarufi. Mlima wenyewe waliuandika Kilimandscharo. Hata hivyo Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, alikiita kitabu chake cha mwaka 1900 Der Kilimandjaro, kwa dj. Upande wa Waingereza, H. H. Johnston alikata jina vipande viwili kwa kistari katika kitabu chake cha mwaka 1886: Kilima-Njaro. Rebmann alichekwa sana London, hasa na mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga huko. Alichekwa kwa sababu ya theluji, na kuhusu theluji alikuwa amesema kweli. Kuhusu tahajia hakuna aliyemcheka.

Wamisionari ndio waliozipeleka herufi majumbani. Wa CMS walikuwa Moshi kuanzia mwaka 1885 hadi 1892. Mapadri wa Roho Mtakatifu, ambao shirika lao lilikuwa na asili ya Ufaransa, walifungua kituo cha Kilema mwaka 1890, kisha Kibosho. Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakaandika Madschame. Katika jina hilo, kama katika Dschagga, sikio la Mjerumani lilisikia j pale ambapo leo huandikwa ch. Mji ulioota kando ya reli ya kutoka Tanga, iliyofika mwaka 1911, uliitwa Moschi Mpya kwa lugha ya watawala, ili utengwe na Moschi ya zamani iliyo mlimani. Ndiyo maana hadi leo Mswahili husema Old Moshi, kwa Kiingereza, na hapati shida nalo.

Alama iliyodumu kuliko zote, hata hivyo, ni ndogo: ni s mbili. Majina ya koo kama Massawe, Urassa, Kessy na Assey huandikwa kwa s mbili, na mgeni husikika akiuliza kama zinavutwa. Hazivutwi. Kiswahili hakitofautishi s moja na s mbili, na hapa hakuna tofauti ya kusikika. Maelezo yanayoelekea zaidi yamo katika tahajia ya Kijerumani, ambamo s moja mbele ya irabu husomwa z. Mjerumani aliandika Sansibar akatamka Zanzibar. Aliandika Mawensi kwa kilele ambacho leo ni Mawenzi. Alipotaka s ibaki s katikati ya irabu, aliziandika mbili, kama alivyofanya katika Daressalam. Katika lugha ambayo lahaja zake nyingi hazina z ya asili, mwandishi wa misheni alikuwa na kila sababu ya kuweka s mbili, ili padri au mchungaji mwenzake asije akalisoma jina la Mchagga kwa z. Ilikuwa alama ya kumsaidia msomaji Mjerumani. Mwenye jina hakuihitaji.

Waingereza waliuteka Moshi mwezi Machi 1916, na kalamu ikabadilika tena. Moschi ikawa Moshi, Madschame ikawa Machame, Mawensi ikawa Mawenzi. Majina ya mahali yako mikononi mwa serikali na wachora ramani, kwa hiyo hubadilika utawala ukibadilika. Majina ya watu yalikuwa yamekwisha kuandikwa katika daftari za ubatizo, nayo yakabaki. Mengine yaliongezewa y mwishoni kwa desturi ya Kiingereza ya kuandika sauti i: Kessy, Assey, Mmasy. Kwa hesabu hii jina Kessy peke yake limebeba tawala mbili, s mbili za Mjerumani na y ya Mwingereza, na silabi zake ni mbili tu.

Hata jina la kabila halikutulia. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyewasaidia wakulima wa kahawa kuunda chama chao cha kwanza mwaka 1925, aliandika Wachagga kwa g mbili katika kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1924. Kitabu cha Kiswahili kilichotoka kwa jina lake mwaka 1932 kiliandika Wachaga kwa g moja, sawasawa na kanuni za Kiswahili. Petro Itosi Marealle, ambaye ni mwenyeji na aliandika kwa Kiswahili mwaka 1947, alirudisha g mbili. Mwanasarufi atasema g ya pili haina kazi, na kwa upande wa sauti atakuwa amesema kweli. Lakini Marealle hakuwa akiandika sauti tu. Alikuwa akiandika jina ambalo watu wake walikwisha kulizoea kuliona likiwa hivyo. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoanzishwa miaka ya 1930 kingali kikiandikwa Lyamungu na watu wengine na Lyamungo na wengine, na kahawa haijaharibika kwa hilo.

Kuna mahali ambapo mambo haya huacha kuchekesha. Baba ni Massawe katika cheti cha ubatizo, mwana ni Masawe katika cheti cha kumaliza shule, na mwana huyo huyo ni Massawe tena katika kitambulisho cha taifa. Siku ya kudai mirathi, kufungua akaunti au kuomba ajira, karani hulinganisha herufi kwa herufi. Tofauti ya s moja humtuma mtu kwa wakili kuapa kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, naye hulipia kiapo hicho. Anagharamia tahadhari ya mwandishi wa Kijerumani aliyeogopa z.

Sasa kicheko cha darasani kinaweza kutazamwa vizuri zaidi. Mwanafunzi wa Moshi anayeandika “naifu” katika imla ya Kiingereza hajaandika ovyo. Amesikia sauti, akazipa herufi kwa kanuni alizofundishwa, akaifunga silabi ya mwisho kwa irabu kama lugha yake inavyotaka. Ni kazi ile ile iliyofanywa na Waswahili wa stesheni na masokoni walipotengeneza blanketi, soksi, baisikeli, kilabu na tiketi, maneno ambayo yamo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na hayamchekeshi mtu. Neno shule lenyewe, lililotoka kwa Mjerumani, lilipita njia hiyo. Katika kipindi cha Kiswahili mtoto huandika “blanketi” akapata vema. Kengele ikilia, kinaingia kipindi cha Kiingereza. Akiandika hivyo hivyo, amekosa.

Wapo watakaosema kwamba kicheko hicho ni utani tu, na utani ni desturi njema ya Waafrika. Hoja hiyo haitupiliwi mbali, kwani Kilimanjaro ni nchi ya utani. R. E. Moreau aliandika kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika katika makala ya mwaka 1944, na ule wa Wachagga na Wapare unajulikana nchi nzima. Mpare humsema Mchagga kwa kupenda fedha. Mchagga humjibu kwa habari za Mpare anayeuza ng’ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wachagga wenyewe kwa wenyewe, wa Machame, wa Kibosho, wa Marangu na wa Rombo, hutaniana kwa lafudhi, kila mmoja akidai kwamba mwenzake ndiye anayelipotosha neno.

Lakini utani una masharti, na la kwanza ni kujibiwa. Mtani husema akijua kwamba kesho atasemwa, na anayesemwa hana ruhusa ya kukasirika kwa sababu ana haki ya kulipiza. Jambo la pili ni kwamba mtani ana wajibu: msibani ndiye anayefanya kazi na kuwachekesha wafiwa. Kicheko cha imla hakina hata kimoja kati ya hivyo. Mwenye kukosea hawezi kumjibu aliyeitunga tahajia ya “debt”, na mwalimu anayecheka naye hana deni lolote kwake. Watoto wanaocheka pia hucheka kwa faraja, kwa kuwa zamu yao haijafika. Huko ni kuzomewa, na kukuita utani ni kuiba jina la desturi nzuri.

Jambo hili lina uzito kutokana na mpangilio wa elimu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na sekondari zimeendelea na Kiingereza. Uchunguzi wa Criper na Dodd wa mwaka 1984 ulionyesha kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kubeba masomo yao. Mwanafunzi aliyechekwa kwa ajili ya “kinife” hujifunza upesi kunyamaza, na akinyamaza hunyamaza pia katika historia, jiografia na biolojia. Mkoa wa Kilimanjaro, uliopata shule mapema kuliko sehemu nyingi za nchi, una sifa kubwa ya usomi. Sifa hiyo yenyewe huufanya mzaha wa kosa la Kiingereza uwe mkali zaidi huko, kwa sababu anayekosea huambiwa kwamba ameuaibisha mlima.

Inafaa kukumbuka kwamba barabara hiyo ya herufi hupitika pande zote mbili. Basi linalotoka Moshi kwenda Dar es Salaam hupita Himo, kisha Mwanga, kisha huingia katika mji wa Wapare uitwao Same. Mwingereza anayekutana na jina hilo kwa mara ya kwanza kwenye kibao, akalisoma kwa kanuni za kwao, hulifupisha kuwa silabi moja yenye maana ya “ile ile”, asielewe kwa nini mji uitwe hivyo. Wenyeji huwa hawamkati alama. Humrudishia jina lake likiwa na silabi mbili, polepole, wakicheka, na yeye hucheka pamoja nao.