Kabla Eldy Iwe Jiji, Ilikuwa Posta: Stori ya Barua, Nax na Shamba Namba 64

Cheki CV yako. Hapo juu umeandika P.O. Box, na uwezekano mkubwa hiyo boksi si yako. Ni ya shule ya msingi uliyosomea, ya kanisa, ama ya mjomba aliyekuwa mwalimu. Hii maneno ya kuazima anwani si sisi tulianzisha. Imetoka mbali, na sehemu kubwa ya stori imepitia hapa Rift.

Mwaka wa 1890, kampuni ya Waingereza iliyokuwa inasimamia hii sehemu, Imperial British East Africa Company, ilianza kutumia stempu zenye jina lake Mombasa. Huku bara, barua ya kwenda Uganda ilibebwa kwa miguu. Matarishi na misafara walitembea wiki baada ya wiki, wakashuka Bonde la Ufa na kupanda ng'ambo ya pili. Reli ndiyo ilimaliza hiyo safari. Ilifika Nairobi 1899, Nakuru 1900, na Kisumu mwisho wa 1901. Nairobi yenyewe ilikuwa tu depo ya reli kwa kinamasi, lakini ilipofika 1905 serikali ikahamisha makao yake huko kutoka Mombasa. Nax ilikuwa imetangazwa taun mwaka mmoja kabla ya hapo.

Pamoja na reli ulikuja waya wa telegrafu, na hapa ndio kuna noma. Wanandi waliona waya unapita kwao bila wao kuulizwa. Wakaukata, wakajitengenezea mapambo. Vyuma vya reli navyo vikageuzwa silaha. Serikali iliita huo wizi. Mimi naona ilikuwa vita, juu hata wazungu wenyewe walijibu na jeshi, tena zaidi ya mara moja, hadi 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei alipopigwa risasi kwa mkutano aliokuwa ameambiwa ni wa amani.

Wamaasai nao walikuwa washatolewa kwa nyasi nzuri za Nakuru na Naivasha kwa mkataba wa 1904, wakapelekwa Laikipia. Mkataba wa 1911 ukawatoa tena Laikipia, wakasukumwa kusini. Kwa ramani ya serikali, ardhi ya Rift sasa ilikuwa "wazi".

Julai 1908, kikundi cha Makaburu kutoka Afrika Kusini kilishuka meli Mombasa, kikapanda treni hadi Nakuru. Hapo Nax ndipo walifunga ng'ombe kwa magari yao ya kukokotwa, na Agosti wakaanza kupanda kuelekea Uasin Gishu. Walifika Oktoba! Hiyo njia leo mat ya Nax kwenda Eldy inaimaliza kwa masaa matatu hivi, na bado abiria wanalalamika.

Walikuwa na shamba sasa, lakini habari hakuna. Reli ilikuwa imepita mbali, upande wa Londiani, na kila kitu cha kwenda juu kilitoka huko kwa matope. Kwa hivyo mwaka wa 1910 posta ikafunguliwa kwa shamba lililoitwa namba 64. Wasee walikuja kuchukua barua, na mahali watu wanakutana hapo ndipo duka hufunguliwa. Taun ikamea kando ya posta, na jina likabaki Sikstifo. Mwaka wa 1912 Gavana Percy Girouard akaipa jina rasmi la Eldoret, kutoka neno la Kimaasai la mto wenye mawe. Reli ilifika huko 1924, yaani posta ilikuwa imeitangulia miaka 14.

Lakini posta ilikuwa ya nani? Setla wa Njoro ama Molo alikuwa na boksi na kifunguo. Mfanyakazi wake, aliyevaa kipande shingoni kuanzia karibu 1920, hakuwa nayo. Barua kutoka ocha ilimfikia kupitia kwa mwajiri, misheni ama chifu, maanake mtu mwingine aliishika kwanza. Fikiria simu yako ikipitia kwa bosi kila ukitumiwa meseji. Na kwa sababu Posta haikuzoea kuleta barua mlangoni, kukosa boksi kulimaanisha kukosa anwani kabisa.

Uhuru ukaja, boksi zikabaki vilevile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Kenya ikaunda shirika lake la posta na simu. Mwaka wa 1999 likagawanywa: Posta kivyake, Telkom kivyake. Siku hizi kuna MPost, ambayo inafanya namba yako ya simu iwe anwani ya posta. Meseji inakuambia barua imefika, na hakuna haja ya kumsumbua mwalimu mkuu.

Kama bado unaazima boksi, angalau andika kodi sawa, juu wengi huweka 00100 hata kama wako Rift, na hiyo ni ya GPO Nairobi. Nakuru ni 20100. Molo ni 20106, Njoro 20107, Gilgil 20116, Naivasha 20117. Londiani, ile ya matope, ni 20203. Sikstifo ni 30100.