Historia Fupi ya "Chumvi Kiasi"

Nimeadimika kidogo, majaribio ya katikati ya muhula yalitubana kwelikweli, ila sasa tunapumua. Leo naomba tuongelee tumbo. Msitegemee lakini kwamba nitamwaga mapishi ya pilau halafu basi. Mie nasomea ualimu, na somo langu la kufundishia ni Historia, kwa hiyo hata sufuria lazima niliulize limetoka wapi.

Swali langu ni dogo. Ukiwa geto, bumu limekata, umeamua kujipikia, unampigia mama simu. "Mama, maharage natia chumvi kiasi gani?" Jibu: "We tia kiasi tu, utaona." Halafu ukifungua kitabu cha mapishi unakuta kijiko 1, vikombe 2, dakika 20. Sasa nani alitutoa kwenye "kiasi" akatufikisha kwenye "kijiko 1"? Na alikuwa na haja gani?

Kuandika mapishi ni jambo la zamani sana. Baghdad katika karne ya 10 mtu aitwaye Ibn Sayyar al-Warraq alikusanya mapishi zaidi ya 600 kwenye kitabu kimoja. Mwaka 1226, mjini humo humo, al-Baghdadi akamaliza cha kwake. Warumi nao walituachia kile kinachoitwa Apicius. Ukikisoma hicho cha Warumi utachoka: tia pilipili manga, tia mafuta, tia asali, chemsha. Kiasi gani? Mara nyingi hakisemi. Wala si uzembe. Kiliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ni mpishi, aliyelelewa jikoni na mpishi mwenzake. Yeye alihitaji kukumbushwa tu, hakuhitaji kufundishwa.

Mambo yakaanza kubadilika Uingereza. Wale tuliokaririshwa Mapinduzi ya Viwanda tangu kidato cha tatu mnaijua hadithi: watu wanahama vijijini, miji inafura, binti anaolewa na kuanza maisha mbali na jiko la mama yake. Nani atamwonyesha? Mwaka 1845 mama mmoja aitwaye Eliza Acton akatoa kitabu, Modern Cookery. Huyu dada kwanza alikuwa mshairi, wala hakuwa mpishi wa mahoteli. Mwisho wa kila pishi aliweka orodha: vitu gani, kiasi gani, muda gani. Kwetu leo ni jambo la kawaida. Wakati ule lilikuwa jambo jipya kabisa.

Mwaka 1861 akaja Isabella Beeton na Book of Household Management. Mwaka wa kwanza tu ziliuzwa nakala 60,000. Yeye orodha ya vitu akaipandisha juu, mwanzoni mwa pishi, kama tunavyoiona mpaka leo. Umri wake? Miaka 25! Akafariki mwaka 1865 akiwa na miaka 28 tu, baada ya kujifungua. Lakini historia haina upendeleo: sehemu kubwa ya mapishi yake aliyachukua kwa wengine, Acton akiwemo, bila kuwataja. Jina lililobaki midomoni mwa watu likawa la Beeton. (Wanaonakili kazi za wenzao usiku wa kuamkia siku ya kukusanya, mmesikia?)

Tuvuke bahari. Boston, Marekani, alikuwepo Fannie Farmer. Akiwa binti mdogo alipooza, masomo yakakatika. Akiwa amekaribia miaka 30 ndipo akaingia shule ya mapishi, na baadaye akawa mkuu wa shule ile ile. Mwaka 1896 alitoa The Boston Cooking-School Cook Book, na mchapishaji kwa kukosa imani akamwambia gharama za nakala 3,000 za kwanza abebe mwenyewe. Farmer ndiye aliyesisitiza kwamba kikombe na kijiko vijazwe hadi ukingoni, kisha visawazishwe kwa kisu. Usijaze mlima, usipunguze. Kwake kijiko cha tajiri na cha maskini kilipaswa kuwa sawasawa.

Na yule Irma Rombauer wa St. Louis? Mume wake alijiua mwaka 1930. Mwaka uliofuata mjane huyu alichukua akiba yake akachapisha nakala 3,000 za The Joy of Cooking, michoro ikiwa imechorwa na binti yake. Baadaye kikawa moja ya vitabu vya mapishi vilivyouzwa sana Marekani.

Sasa tuwapange mstari: mshairi, mke kijana, binti aliyepooza, mjane. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mpishi wa ikulu. Mie naona sababu iko wazi. Bingwa hupima kwa jicho, kwa hiyo hahitaji kijiko. Anayeandika "kijiko 1" ni mtu anayemfikiria mtu mwingine aliye peke yake jikoni, hana wa kumwuliza. Sisi wa ualimu tungesema ni andalio la somo ambalo mwalimu hatakuwepo darasani.

Kwani sie hatukuwa na vipimo? Tulikuwa navyo! Kibaba si cha kwenye methali tu. Vibaba 4 vilikuwa pishi 1, na nafaka ilipimwa hivyo sokoni pwani yote hii. Ila angalia vilitumika wapi: kwenye biashara, kati ya watu wasioaminiana. Jikoni kulikuwa na mama na binti, bega kwa bega. Mkono wa mama ndio uliokuwa kipimo. Mfumo huo ni mzuri sana, mpaka siku mama akiondoka.

Kuna lingine linaloniuma. Mwaka 1928, Nairobi, akina mama wa kanisa la St Andrew's walitoa The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide. Kilikuwa kwa ajili ya masetla, na ndani yake mlikuwa na amri za Kiswahili za kumwambia mtumishi. Yaani Kiswahili kimeingia kwenye kitabu cha mapishi kama lugha ya kuamrishwa. Yule aliyeshika mwiko, aliyejua moto wa kuni unataka nini, hana jina. Linganisha na Pellegrino Artusi wa Italia, ambaye kitabu chake cha mwaka 1891 kinapikiwa hadi leo: alipokufa mwaka 1911 aliwaachia haki za kitabu watumishi wake wawili, waliokuwa wakiyajaribu mapishi yale jikoni.

Hili si la vitabuni tu. Rafiki yangu tunayekaa naye geto alifiwa na mama yake akiwa kidato cha pili. Kuna mchuzi wa samaki wa mama yake anaoukumbuka mpaka harufu. Amewauliza mama zake wadogo, kila mmoja ana lake, na wote wanamalizia "unatia kiasi". Ameupika mara nyingi. Ni mtamu, sisi tunalamba vidole. Yeye anaonja, anatikisa kichwa, anaendelea kula kimya.

Ndiyo maana likizo iliyopita nilimfuata mama yangu jikoni na kikombe na kijiko. Kila alichotaka kutia nilikidaka kwanza nikapima. Alicheka sana: "Mwanangu, ndiyo mnayofundishwa huko chuoni?" Lakini kufikia jioni alikuwa ananisubiri nipime. Hiki hapa, chimbuko ni mama, mie karani tu.

Maharage ya nazi: loweka maharage vikombe 2 usiku kucha. Mwaga maji, weka mapya vikombe 6, chemsha mpaka yalainike, kama saa 1 na nusu. Kuna nazi 1, kamua tui zito kikombe 1, halafu tui jepesi vikombe 2. Tia tui jepesi, kitunguu 1 kilichokatwa na chumvi kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa, acha dakika 20. Malizia na tui zito, moto mdogo, dakika 10, ukikoroga muda wote lisikatike. Yanatosha watu 4, au wanachuo 2.

Mkienda nyumbani likizo hii bebeni kijiko. Na jina la aliyewafundisha liandikeni juu kabisa.