Likizo ya kiangazi: Mwanafunzi wa ng'ambo na kazi iliyo halali

Kwa wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma Uingereza na Marekani, likizo ndefu ya kiangazi ni wakati wa kupumzika na kutafuta fedha za karo. Ni wakati pia wa kujipatia uzoefu ambao waajiri watauulizia baada ya masomo.

Vyuo vingi vya Tanzania huweka mafunzo kwa vitendo ndani ya ratiba ya masomo. Ng'ambo, mara nyingi mwanafunzi hujitafutia nafasi mwenyewe, na hana budi kwanza kujua viza yake inamruhusu nini. Anayekosea anaweza kupoteza haki ya kuendelea na masomo.

Uingereza

Mwenye viza ya mwanafunzi anayesomea shahada kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula, na bila kikomo hicho wakati wa likizo. Saa 20 ni jumla ya kazi zote, hata akiwa na waajiri wawili. Wiki huhesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, Julai na Agosti ni likizo. Kwa wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, miezi hiyo kwa kawaida ni ya kuandika tasnifu, nayo huhesabiwa kuwa muhula. Wawili hao wanaweza kufanya kazi katika ghala moja kwa saa zilezile, mmoja akawa ndani ya sheria na mwenzake nje. Tarehe za kufuata ni zile zilizotolewa na chuo, si maneno ya mwajiri wala ya rafiki.

Viza hiyo hairuhusu pia kujiajiri. Anayepiga picha za harusi kwa malipo, au anayesambaza vyakula kwa baiskeli bila kuwa mwajiriwa, anaweza kuonekana kuwa amevunja masharti.

Marekani

Mwenye viza ya F-1 huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na zaidi ya hapo wakati wa likizo. Kazi ya nje ya chuo ni jambo jingine.

Kwa kawaida ni lazima kwanza amalize mwaka mzima wa masomo. Baada ya hapo anaweza kuomba mafunzo ya kazi yanayohusiana na fani anayosomea. Yakiwa sehemu ya mtaala, chuo huidhinisha na kuyaandika katika fomu ya I-20 kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Atakayetumia miezi 12 au zaidi ya mafunzo hayo kwa saa kamili hupoteza nafasi ya mwaka mmoja wa mafunzo baada ya kuhitimu shahada hiyo.

Kuchagua kazi

Kuosha vyombo hotelini si aibu, na huenda ndiko kunakolipa kodi ya nyumba. Hata hivyo, wiki chache za kazi iliyo karibu na fani, kama vile katika maktaba au maabara ya chuo, humpatia mwanafunzi mtu wa kumdhamini anapoomba ajira.

Makampuni makubwa hupokea maombi ya kiangazi mapema, mara nyingi kati ya Septemba na Novemba ya mwaka uliotangulia. Anayesubiri hadi Mei hukuta nafasi nyingi zimekwisha.

Anayepata nauli anaweza kurudi nyumbani na kujitolea katika hospitali, shule au chumba cha habari. Huko hafungwi na saa za viza, na hujenga mahusiano atakayoyahitaji siku atakaporejea moja kwa moja.

Popote afanyapo kazi, na aandike kila wiki aliyojifunza, kisha aombe barua ya msimamizi kabla ya kuondoka. Na kabla ya kutia saini mkataba wowote, aupeleke kwa ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni. Ushauri huo kwa kawaida hutolewa bure.